Yūryaku wa Japani: kati ya 479, 489 na 502, tushike mwaka upi?

Msoma_Nyakati

Habari za humu, wakuu. Naomba msaada kuhusu Yūryaku, Tenno (yaani mfalme) wa 21 kwenye orodha ya jadi ya Japani. Kila chanzo kina mwaka wake. Nihon Shoki, kitabu cha kale cha historia ya Japani, inasema alitawazwa 456 akafa 479. Kojiki, kitabu kingine cha kale cha huko, inataja mwaka wa kifo unaowekwa 489, tena akiwa na umri wa miaka 124. Wachina nao wana mfalme wa Wa (ndivyo walivyoiita Japani ya kale) aitwaye Bu, anayesemekana ndiye huyuhuyu, na cheo chake kinaendelea kupanda hadi 502. Halafu kuna upanga wenye maandishi uliochimbuliwa Inariyama, wa mwaka 471, ambao wapo wanaoushusha hadi 531.

Hii miaka inapatikanaje? Na kati ya hayo yote, lipi la kushika na lipi la kuacha? Mwenye kujua kaburi lake la kweli naye atupe neno.

Kalenda_Kongwe

Mkuu, tuanze na hesabu, maana bila hiyo utabaki kuamini namba za watu.

Vyanzo hivyo havina mwaka wa namba kama tulivyozoea. Vinatumia mzunguko wa miaka 60, kila mwaka na jina lake la herufi mbili, moja kutoka kundi la 10 na nyingine kutoka kundi la 12. Kupata nafasi ya mwaka wowote, toa 3, gawanya kwa 60, chukua baki (baki ikiwa sifuri, huo ni mwaka wa 60). Chukua 471: ukitoa 3 unapata 468, sitini inaingia mara 7, inabaki 48. Mwaka wa 48 huitwa shingai, na ndio ulioandikwa kwenye upanga. Sasa rudi kinyume: 48 ongeza 3, kisha ongeza 60 tena na tena. Utapita 411, 471, 531, 591. Ubishi wa 471 na 531 umezaliwa hapo. Jina la mwaka halisemi ni mzunguko wa ngapi. Hilo linaamuliwa na ushahidi mwingine.

Kojiki inataja kishi, nafasi ya 6. Sita ongeza 3, ongeza 480, unapata 489.

Nihon Shoki yenyewe huhesabu kwa miaka ya utawala, na hapa wengi huteleza. Mwaka wa kwanza wa mfalme ni ule unaofuata baada ya kutawazwa. Yūryaku alitawazwa mwezi wa 11 wa 456, kwa hiyo mwaka wake wa 1 ni 457. Ukiona "mwaka wa 5" ongeza 456 tu, unapata 461. Mwaka wa 23 ni 479. Ukianza kuhesabu na 456 yenyewe, kila tukio litakuangukia mwaka mmoja nyuma. Kumbuka pia miezi ni ya mwandamo, hivyo jambo la mwezi wa 12 mara nyingi huangukia Januari au Februari ya mwaka unaofuata kwa kalenda yetu.

Sasa kupima. Kipimo kizuri kuliko vyote kiko Korea. Kaburi la mfalme Muryeong wa Baekje, moja ya falme za kale za Korea, lilifunguliwa Gongju mwaka 1971 likiwa halijaguswa, na jiwe lake linasema alifariki 523 akiwa na miaka 62. Kwa hesabu ya huko, ambapo mtoto huzaliwa tayari ana mwaka mmoja, alizaliwa 462. Nihon Shoki inaweka kuzaliwa kwake kwenye kisiwa kimoja cha Kyūshū katika mwaka wa 5 wa Yūryaku, yaani 461. Tofauti ni mwaka mmoja.

Kipimo cha pili ni kuanguka kwa mji mkuu wa Baekje na kuuawa kwa mfalme Kaero mikononi mwa Goguryeo, ufalme wa kaskazini mwa Korea. Historia ya Korea, Samguk Sagi, inasema 475. Nihon Shoki inaweka habari hiyo mwaka wa 20, yaani 476, lakini papo hapo inanukuu kumbukumbu ya Baekje inayotaja mwaka wa nafasi ya 52. Fanya hesabu: 475 toa 3 ni 472, baki 52. Yaani nukuu iko sahihi, aliyeipanga kwenye mwaka wa utawala ndiye aliyekosea kwa mwaka mmoja.

Linganisha na zamani zaidi. Kifo cha mfalme Geunchogo wa Baekje kilitokea 375, lakini Nihon Shoki, kwenye sehemu ya Jingū, malkia wa masimulizi ya kale, imekisogeza hadi 255. Hiyo ni mizunguko miwili kamili, miaka 120. Kwa Yūryaku pengo la namna hiyo halipo. Ndiyo maana nasema kwa huyu tarehe za 456 hadi 479 zishike, ukiacha nafasi ya mwaka mmoja au miwili kila upande.

Mpasua_Mbao

Nyongeza kwa aliyosema Kalenda_Kongwe. Ukiitazama Nihon Shoki yenyewe kuna mshono unaoonekana kabisa hapohapo kwa Yūryaku. Kitabu kilikamilika 720 kikiwa na juzuu 30, na yeye ana juzuu ya 14 peke yake.

Kitabu hutaja siku kwa mzunguko uleule wa 60, kwa hiyo inawezekana kukokotoa ni kalenda ipi ilitoa siku zile. Ogawa Kiyohiko alifanya kazi hiyo. Matokeo: kuanzia karibu 456 kwenda mbele siku zinalingana na kalenda ya Genka, iliyoanza kutumika China ya Kusini mwaka 445. Kabla ya hapo, siku za wafalme wa kale zaidi zinalingana na kalenda ya Gihō, ambayo ilitungwa 665! Maana yake siku za kina Jimmu, Tenno wa kwanza kwenye orodha, zilikokotolewa kurudi nyuma na watu walioishi zaidi ya miaka elfu moja baada ya wakati wanaousimulia.

Halafu lugha. Mori Hiromichi alipima matumizi ya herufi za Kichina kwa sauti za Kijapani akakuta juzuu za 14 hadi 21 zina mkono tofauti na juzuu za 1 hadi 13. Na juzuu ya 13, inapofika kwenye kuuawa kwa Ankō, kaka yake Yūryaku, inasema maelezo kamili yamo katika habari za Yūryaku. Aliyeandika ya 13 alikuwa na ya 14 mezani tayari. Inaonekana waandishi walianzia kwa Yūryaku, wakaja kujaza ya nyuma baadaye. Kwao wenyewe huyu alikuwa mwanzo wa kitu fulani.

Chuma_na_Dhahabu

Upande wa panga, tusichanganye mambo mawili: mwaka uliochongwa na mwaka wa kuzikwa.

Upanga wa Inariyama una urefu wa sentimita 73.5. Ulichimbuliwa 1968 katika kofun ya Inariyama, mji wa Gyōda, mkoa wa Saitama. Hiyo ni kilima cha kaburi chenye umbo la tundu la ufunguo, urefu mita 120. Kwa miaka kumi ulikuwa chuma chenye kutu tu. Mwaka 1978, ulipopelekwa kutunzwa, picha za eksirei zilionyesha herufi 115 zilizopachikwa kwa dhahabu, 57 upande mmoja na 58 upande wa pili.

Maandishi yanasema hivi kwa ufupi: mwezi wa 7 wa mwaka shingai, mtu aitwaye Wowake anataja ukoo wake wa vizazi vinane kuanzia Ohohiko, wamekuwa wakuu wa walinzi wa panga kizazi hadi kizazi, na mfalme mkuu Wakatakeru alipokuwa katika jumba la Shiki, yeye alimsaidia kutawala dunia, akafuliwa upanga huu. Jina binafsi la Yūryaku katika vitabu ni Ōhatsuse Wakatakeru. Jina "Yūryaku" ni la heshima, lilitungwa karne ya 8, na hata cheo cha Tenno hakikuwapo wakati wake. Alikuwa ōkimi, mfalme mkuu.

Sasa upande wa pili wa nchi. Upanga wa Eta Funayama, Kumamoto, ulipatikana 1873 ukiwa na herufi kama 75 za fedha. Jina la mfalme limeliwa katikati, zimebaki herufi za mwanzo na mwisho. Kwa miaka mingi lilisomwa kuwa la Hanzei, Tenno wa 18. Baada ya 1978 ikaonekana kwamba mabaki yake yanaingia katika Wakatakeru vizuri zaidi. Huo unamtaja Murite, karani wa serikali, pamoja na mwandishi mwenye jina la Kichina, Chōan.

Kwa hiyo una mlinzi Saitama na karani Kumamoto, zaidi ya kilomita 800 kati yao, wote wanajitambulisha kwa utumishi kwa mfalme mmoja. Kwangu hiyo ni habari kubwa kuliko vita vyote vilivyosimuliwa juu yake.

Ila tahadhari. Upanga wa Inariyama haukutoka katikati ya kilima. Ulikuwa katika kitanda cha kokoto kilichokaa pembeni ya mhimili, na inadhaniwa aliyejengewa kilima amelala penginepo. Kwa hiyo usiseme "kaburi la Wowake" kana kwamba imethibitika. Huenda Wowake alikuwa mtu wa Saitama aliyetumikia Yamato, dola ya wafalme hao, akarudi kwao. Huenda alikuwa mkubwa wa Yamato aliyemzawadia mtu wa chini yake. Maandishi yanaruhusu yote mawili.

Wajumbe_wa_Wa

Nichukue la China. Kitabu cha nasaba ya Song (Liu Song, ya Kusini) kilikusanywa na Shen Yue mwaka 488, yaani karibu kabisa na matukio. Kinataja wafalme watano wa Wa: San, Chin, Sai, Kō na Bu. Kinasema Kō ni mwana wa Sai, na Bu ni mdogo wake Kō. Orodha ya Japani ina Ingyō, wanawe Ankō na Yūryaku. Umbo la familia linaingia sawasawa, na herufi ya jina Bu ndiyo ileile inayoandika "takeru" katika Wakatakeru.

Mwaka 478 Bu alituma barua kwa mfalme wa Song. Anasema wazee wake walishinda nchi 55 za watu wenye nywele nyingi mashariki, 66 za magharibi, na 95 ng'ambo ya bahari upande wa kaskazini. Analalamika kwamba Goguryeo inaziba njia ya kwenda China, na kwamba baba na kaka yake walifariki ghafla kabla ya kuishambulia. Aliomba ukamanda wa kijeshi juu ya nchi saba. Akapewa sita, Baekje ikaondolewa, kwa sababu Baekje nayo ilikuwa na uhusiano wake na Song na vyeo vyake.

Sasa kasoro, ambayo Kalenda_Kongwe ameipita kimyakimya. Mwaka 462 Song walimpa cheo Kō, tena wakimwita mrithi wa mfalme wa Wa. Kwa Nihon Shoki, Ankō alishakufa 456 na Yūryaku yuko mwaka wake wa 6. Kama Kō ndiye Ankō, haviwezi kuwa kweli vyote viwili. Wapo wanaosema Kō ni mwana mwingine wa mfalme, asiye Ankō. Wapo wanaosogeza kutawazwa kwa Yūryaku hadi baada ya 462. Mimi naegemea hili la pili: Shen Yue hakuwa na sababu ya kubuni mwaka wa kumpa cheo mtu wa mbali, wakati waandishi wa 720 walikuwa wanajaza majedwali. Ukishika hivyo, alitawazwa baada ya 462 na kabla ya 471, na 478 alikuwa bado hai.

Kingine: Nihon Shoki haina habari yoyote ya ujumbe wa 478. Badala yake ina wajumbe wawili, Musa no Ao na Hinokuma no Hakatoko, waliotumwa nchi ya Go, yaani China ya Kusini, mwaka wa 8 na wa 12 (464 na 468), wakarudi na mafundi wa kufuma. Miaka haigusani na ya Song hata mmoja.

Na 502? Acha hiyo. Nasaba ya Qi ilianza 479 na Liang 502. Nasaba mpya ikisimama ilipandisha vyeo vya wafalme wa nje waliokuwa kwenye daftari la nasaba iliyotangulia. Hakuna ujumbe kutoka Wa uliotajwa pamoja na vyeo hivyo. Haithibitishi kwamba Bu alikuwa hai.

Kalenda_Kongwe

Wajumbe_wa_Wa, sikuipita, nilisema mwaka mmoja au miwili kwa matukio yaliyofungwa na Baekje. Ya 462 nakubali inauma. Lakini angalia mwaka wa 6 wa Yūryaku: Nihon Shoki inasema nchi ya Go ilileta wajumbe. Mwaka wa 6 ni 462. Waandishi walikuwa na fununu ya mwaka huo, ila wakaugeuza, China ndiyo iliyoonekana kuja kutoa heshima. Kwa hiyo chanzo chao hakikuwa mbali, ingawa mfalme aliyekuwa kitini huenda hakuwa Yūryaku.

Msoma_Nyakati

Asanteni sana, wakuu. Hiyo ya kutoa 3 nimeijaribu, inakubali. Mbili zimebaki: wa 531 wanashikilia nini hasa? Na matendo yake, yale mauaji ya kaka zake, tuyachukue kama historia?

Chuma_na_Dhahabu

La 531: wanaoshikilia huko wanatazama jumba. Upanga unasema Shiki. Vitabu vinampa Yūryaku jumba la Hatsuse Asakura, wakati Kinmei, anayeingia kitini kati ya 531 na 539 kutegemea chanzo, ana jumba la Shikishima. Hoja si mbaya, lakini inaangukia kwenye jina: Kinmei haitwi Wakatakeru popote. Na Hatsuse iko jirani na eneo la Shiki. Yote hayo leo ni mji wa Sakurai, Nara. Katika eneo la Wakimoto hapohapo Sakurai yamechimbuliwa mashimo ya nguzo za majengo makubwa ya karne ya 5. Pamoja na vyombo vya udongo vya kilima cha Inariyama, 471 ndiyo inayokubalika na wengi.

Mpasua_Mbao

La mauaji: weka Kojiki (712) na Nihon Shoki bega kwa bega, usome tukio moja katika vyote viwili kabla ya kuamua.

Vyote vinakubaliana kuhusu mifupa ya kisa. Ankō alimuua Ōkusaka, mmoja wa wana wa kifalme, akamchukua mkewe. Mtoto wa Ōkusaka, Mayowa, akamuua Ankō akiwa amelala. Yūryaku akawageukia kaka zake wawili, Kurohiko na Shirahiko, kisha Mayowa aliyekimbilia kwa Tsubura, mkuu wa ukoo wa Katsuragi. Baadaye akamwalika Ichinobe no Oshiwa, mwana wa Richū (mfalme wa awali), kuwinda huko Ōmi, akamuua mawindoni.

Nyama ndiyo inayopishana. Katika Nihon Shoki, Shirahiko anakatwa kwa upanga papo hapo, na Kurohiko anateketea ndani ya nyumba ya Tsubura pamoja na Mayowa. Katika Kojiki, Kurohiko ndiye anayekatwa, na Shirahiko anafukiwa wima hadi kiunoni mpaka anakufa. Tsubura anatoa binti yake na mashamba: saba kwa kitabu kimoja, matano kwa kingine. Ukiona hivyo, jua orodha ya waliokufa ni ya zamani, na namna walivyokufa ni ya wasimulizi.

Matokeo yake lakini yanaonekana, na hayategemei msimulizi. Katsuragi, ukoo uliotoa wake wengi wa wafalme, unapotea kwenye nafasi za juu. Wakubwa wa Yūryaku ni Heguri no Matori, Ōtomo no Muroya na Mononobe no Me. Kibi, jimbo lenye ukoo wake wenye nguvu, nayo inapigwa: mwaka wa 7 (463) anatuma askari 30 wa Mononobe na kumuua Kibi no Sakitsuya pamoja na watu 70 wa ukoo wake. Hizo 30 na 70 usiziapie, ila mwelekeo ni ule ule, kuvunja koo zinazoweza kushindana naye. Na warithi wakaisha. Mwanawe Seinei hakuwa na mtoto, ikabidi watafutwe wana wa yule Ichinobe no Oshiwa, waliokuwa wamejificha Harima. Huo mstari nao ukakatika, hadi 507 akaletwa Keitai kutoka Echizen.

Waandishi wenyewe hawakuweza kumpatanisha. Mwaka wa 2 wanasema watu walimwita mfalme mwovu mno. Mwaka wa 4, baada ya kukutana na mungu Hitokotonushi mlima Katsuragi, watu haohao wanamwita mwenye fadhila. Na Man'yōshū, mkusanyiko wa mashairi zaidi ya 4,500, unafunguliwa na shairi linaloambiwa ni lake, akimwomba msichana mchuma mboga amtajie jina na nyumba yao. Si lazima alitunga yeye. Ila ukichagua mtu wa kufungulia kitabu kama hicho, hukuchagua mtu mdogo.

Wajumbe_wa_Wa

Kaburi bado halijajibiwa. Idara ya Nyumba ya Kifalme imempa Takawashi Maruyama, mji wa Habikino, Osaka. Hicho ni kilima cha duara, kipenyo kama mita 75. Shida ni kwamba wakubwa wa wakati wake walizikwa katika vilima vya tundu la ufunguo, na duara la mita 75 ni dogo hata kwa yule mtu wa Saitama mwenye kilima cha mita 120. Watafiti wengi wanaelekeza Oka Misanzai, Fujiidera, chenye urefu wa takriban mita 240, ambacho rasmi ni cha Chūai, Tenno wa 14. Umri wa kilima hicho, mwisho wa karne ya 5, unamfaa Yūryaku na haumfai Chūai. Wapo pia wanaotaja Kawachi Ōtsukayama, mita 335, lakini wengi wanakiona ni cha karne ya 6.

Vilima vilivyo chini ya Idara havichimbwi. Watafiti wanategemea vipande vya sanamu za udongo za haniwa vinavyookotwa kingoni wakati wa ukarabati, pamoja na vipimo vya umbo la nje. Ukitaka kufuatilia, tafuta ripoti za haniwa za Oka Misanzai, usitafute za Takawashi. Kwenye ramani nyingi utakikuta kwa jina la Chūai.